Tovuti inajuaje kwamba jana ulichagua Kiswahili?

Kuna tovuti ukiingia mara ya kwanza unabonyeza Kiswahili, unasoma mambo yako, unafunga, kesho ukirudi unaikuta imeshakaa kwa Kiswahili bila hata kukuuliza. Na kuna nyingine kila ukifungua ukurasa mpya inarudi Kiingereza, unabadilisha, unabonyeza linki nyingine, Kiingereza tena, mpaka mtu anachoka anaamua kusoma hivyohivyo kwa kuotea. Kwa mtu aliyekaa Buhongwa, huku kwetu Mwanza, na bando la siku, kila ukurasa uliopakiwa mara mbili ni MB zimeenda mara mbili, kwa hiyo hili sio suala la urembo wa tovuti. Nataka nilifungue taratibu, maana wengi wetu, hata wanaotengeneza hizi tovuti, tunachanganya mambo tofauti kabisa halafu tunayaita jina moja, "tovuti imejua lugha yangu".

Cha kwanza kuelewa ni kwamba seva yenyewe, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kukutumia kurasa zake, haikukumbuki hata kidogo. Utaratibu ambao kivinjari (apu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) na seva wanautumia kuongea, yaani HTTP, ile iliyoanzia kwenye kituo cha utafiti cha CERN kwa Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, mwanzoni mwa miaka ya 1990, umewekwa kwa namna ambayo kila ombi linajitegemea. Simu inaomba ukurasa, seva inautoa, wameachana. Simu inaomba picha ya ukurasa huohuo sekunde hiyohiyo, kwa seva hilo ni ombi jipya limetoka kwa mtu asiyemjua. Ilikuwa na sababu nzuri tu, seva inayosahau ni nyepesi, inahudumia watu wengi bila kuweka daftari la nani kaja na nani kaondoka, ila sasa ukitaka kitu kidogo kama "huyu anasoma Kiswahili" ndo unakwama.

Aliyetatua hilo ni Lou Montulli mwaka 1994, alikuwa anafanya kazi Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, na shida iliyokuwa mezani kwao ilikuwa duka la mtandaoni: mtu anachagua bidhaa, anaenda ukurasa mwingine, bidhaa alizochagua zimepotea. Suluhisho lake ni kuki, ambazo wengine wanaziita vidakuzi. Ni kama ukiacha mzigo stendi ya Nyegezi ukapewa kikaratasi chenye namba, anayetunza mizigo hahangaiki kukukariri sura, wewe ndo unatembea na kikaratasi na ukirudi unakitoa. Kuki ni hivyohivyo, seva inaipa simu yako maandishi mafupi, simu inayatunza, na kila ikirudi kwenye tovuti ile inayaonyesha. Anayekumbuka ni simu. Hili shikilia vizuri maana karibu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Kwenye lugha inakuwa hivi: unabonyeza kitufe cha Kiswahili, seva inarudisha ukurasa na pembeni yake mstari ambao wewe huuoni, unaosema Set-Cookie: lugha=sw; Max-Age=31536000; Path=/. Basi. "sw" ndo Kiswahili kwenye orodha ya kimataifa ya kodi za lugha, yaani vifupisho vyake, na ile namba ndefu ni sekunde za siku 365, yaani kaa na hiki kitu mwaka mzima. Sio programu, haiwezi kufungua picha zako wala kusoma meseji zako, ni maandishi, na kivinjari kinaikubali ikiwa na ukubwa wa kama KB 4 hivi, na kinairudisha kwa tovuti iliyoiandika peke yake.

Sasa angalia jinsi mstari mfupi namna hiyo unavyoweza kuharibika. Mtengenezaji akisahau kuweka muda, ile Max-Age, kuki inakuwa ya kikao tu, kivinjari kikifungwa nayo imekwisha, na wewe asubuhi unaanza upya. Akisahau Path, kuki inabaki kwenye kona ya tovuti ilipoandikwa, yaani kama ulibonyeza Kiswahili ukiwa kwenye kurasa za habari basi kurasa za habari zitakuwa Kiswahili ila ukienda kwenye fomu ya maombi unakuta Kiingereza, na mtu anadhani fomu haijatafsiriwa kumbe ipo, imetafsiriwa vizuri kabisa, haiitwi tu. Na tovuti ikiwa imegawanyika, mbele jina moja, malipo kwenye jina dogo la pembeni (kama malipo. mbele ya jina kuu), kuki ya mbele haivuki kwenda kwenye malipo mpaka mtu aiandike kwa jina kuu la tovuti. Ukikutana na tovuti inayosahausahau, mara nyingi ni moja kati ya haya, na yote yanarekebishika kwa mstari mmoja. Inauma kwa kweli, watu wamekaa wiki nzima wanatafsiri kurasa halafu kazi yao yote inafichwa na neno moja lililosahaulika kwenye kodi, yaani maandishi ya programu inayoendesha tovuti.

Na kwa sababu anayekumbuka ni simu, kuna kusahau kwingine ambako sio kosa la tovuti. Umebadilisha simu, umefuta data za kivinjari ili upate nafasi, umeingia kwa dirisha la siri, umetumia kivinjari kingine, zote hizo ni sawa na kwenda bila kikaratasi. Inayowachanganya wengi ni linki za Facebook na Instagram. Ukibonyeza linki ndani ya apu hizo mara nyingi haifunguki Chrome, inafunguka kwenye kivinjari kidogo cha humohumo ndani ya apu, na hicho kina kuki zake peke yake, hazichanganyiki na za Chrome. Kwa hiyo mtu anaapa kabisa kwamba tovuti hii jana ilikuwa Kiswahili, na ni kweli ilikuwa, ila jana alipitia mlango mwingine.

Haya, na mara ya kwanza kabisa, kabla hujabonyeza chochote, inajuaje? Hapo haijui, inakisia. Na njia zake za kukisia hazilingani ubora.

Njia ya heshima zaidi ni kusikiliza kivinjari chenyewe. Kila ombi linalotoka kwenye simu yako linabeba mstari unaoitwa Accept-Language, na ukiuchungulia utaukuta umeandikwa kitu kama sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.8. Maana yake mwenye simu hii anapenda kwanza Kiswahili cha Tanzania, kikikosekana basi Kiswahili chochote, kikikosekana kabisa ndo Kiingereza. Zile namba ni uzito wa mapenzi, kuanzia 0 mpaka 1, na asiyeandikiwa namba anahesabiwa 1. Ni utaratibu wa tangu miaka ya tisini, upo kwenye kila kivinjari, na ni mzuri kwa sababu mwenye simu ndo anaamua. Kinadharia lakini. Huku kwetu simu nyingi zinatoka dukani zikiwa Kiingereza, aliyeuza anaiwasha, anapita haraka haraka kwenye zile hatua za mwanzo, anamkabidhi mteja, na mteja anaizoea hivyo. Simu inakuwa inamsemea mwenyewe kila siku kwamba anataka Kiingereza, tena kwa uhakika kabisa, wakati yeye hajawahi kuulizwa. Ukitaka kurekebisha kwenye Android nenda Mipangilio, tafuta Lugha, weka Kiswahili juu na Kiingereza chini yake kama bado unakihitaji, halafu fungua na mipangilio ya Chrome nako kuna orodha yake ya lugha, iangalie.

Kuna mtego hapohapo ambao nauona sana kwenye kodi. Simu inasema sw-TZ, tovuti ina sw. Mtengenezaji analinganisha herufi kwa herufi, anaona hazifanani, anampa mtu Kiingereza. Utaratibu wa kulinganisha umeandikwa tangu 2006, waraka unaitwa RFC 4647, na unasema wazi kwamba kama hukupata kitu kinacholingana kamili basi kata mkia ujaribu tena, sw-TZ inakuwa sw, ukikipata mpe. Kiswahili kwenye hazina ya Unicode, shirika linalopanga viwango vya maandishi ya kompyuta, kimewekwa kwa nchi nne, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na nchi tatu kati ya hizo ndo zinazozunguka ziwa letu la Victoria, kwa hiyo mtu wa Kisumu anayekuja na sw-KE naye asifungiwe mlango eti wewe umeandaa sw-TZ. Na huu ujuzi wa kukata mkia una mpaka wake, usidhani kila lugha itabaki na herufi mbili: Kisukuma kodi yake ni suk, herufi tatu, Kihaya hay, Kijita jit, maana orodha fupi ya herufi mbili haikuzibeba lugha zote. Ukitengeneza sehemu ya kuhifadhi lugha inayokubali herufi mbili tu umeshawaambia watu wa Magu na Bukoba na Ukerewe kwamba lugha zao hazitakuja kuingia humo, hata siku mtu akijitolea kutafsiri.

Njia ya pili ya kukisia ni anwani ya IP, yaani tovuti inaangalia namba ya mtandao unaoutumia, inaenda kwenye daftari la namba za nchi mbalimbali, inasema huyu yupo Tanzania basi ni Kiswahili. Mimi siipendi hii na sababu zipo. Nchi sio lugha. Pale Chuo cha SAUT Malimbe unaweza kumkuta mwanafunzi katoka nje na hajui Kiswahili, na Capri Point hotelini kuna mgeni kaja kuona Serengeti, wote IP zao ni za Tanzania. Ukigeuza upande wa pili, Msukuma aliyepo masomoni Ulaya bado anataka Kiswahili chake. Halafu namba zenyewe zinadanganya: mtu kawasha VPN, apu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya nchi nyingine, kivinjari kinaonekana kipo Uholanzi, tovuti inamletea Kiholanzi, na kitufe cha kubadilisha kimeandikwa kwa Kiholanzi pia. Wanaotumia Opera Mini kuokoa bando, kurasa zao zinapitia kwanza kwenye seva za Opera zikabanwe ndo zije kwenye simu, na tovuti isiyokuwa makini inasoma anwani ya ile seva ya katikati badala ya ya mtumiaji. IP itumie kwenye sarafu au gharama za usafirishaji kama lazima. Kwenye lugha iwe ya mwisho kabisa, au isiwepo.

Tofauti na hizo zote kuna lugha iliyoandikwa kwenye anwani yenyewe. Wikipedia wamefanya hivyo, ukiandika sw.wikipedia.org uko kwenye Kiswahili, ile iliyoanza 2003, na hakuna kuki wala IP itakayokutoa hapo. Wengine wanaweka /sw/ baada ya jina la tovuti. Hii sio kukisia na sio kukumbuka, ni kusema wazi, na ina nguvu ambayo kuki haina: inasafiri. Ukinakili linki ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji wa samaki wa vizimba, kila mtu anayeifungua anapata ukurasa uleule kwa lugha ileile. Tovuti inayoweka lugha kwenye kuki peke yake, anwani ikabaki ileile kwa lugha zote, wewe unatuma makala ya Kiswahili, mwenzako Sengerema anafungua anaona Kiingereza, anakuuliza umenitumia nini hiki.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo watu hawalioni. Google ikija kusoma tovuti yako haiji kama mtu. Roboti yao haipeleki ule mstari wa lugha, haitunzi kuki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, na anwani zake za IP kwa sehemu kubwa zinaonekana ni za Marekani. Sasa fikiria Kiswahili chako chote kimekaa nyuma ya kuki. Roboti inaingia, haina kuki, inapewa Kiingereza, inasoma Kiingereza, inaondoka, na kwa kadiri inavyojua Kiswahili hakipo kwenye tovuti ile. Halafu tunalalamika kwamba ukitafuta kwa Kiswahili mambo ya kilimo au afya unaletewa vitu vya ajabu. Sehemu ya maandishi hayo yapo, yameandikwa na watu wetu kwa jasho, yamefichwa na namna tovuti zilivyojengwa. Kila lugha iwe na anwani yake, halafu kwenye kila ukurasa uweke ile alama ya hreflang, ambayo Google waliileta 2011, inayosema ukurasa huu kwa Kiswahili uko hapa na kwa Kiingereza uko pale. Hiyo ndo inafanya mtu aliyetafuta kwa Kiswahili aletewe wa Kiswahili.

Mtu atauliza, sasa kama anwani inasema Kiingereza na kuki inasema Kiswahili nani anasikilizwa? Swali zuri na watu wengi wanalikosea. Mimi nasema anwani. Mtu kafungua linki ya /en/ aliyotumiwa na mwenzake, mpe alichofungua, juu weka mstari mmoja mfupi wa Kiswahili unaomwambia ukurasa huu upo pia kwa Kiswahili, abonyeze akitaka. Usimrushe kwa nguvu kwenda /sw/ eti unamkumbuka, pengine alitaka kulinganisha, pengine ni mwalimu anaangalia tafsiri. Na pia usiifute kuki yake ya Kiswahili kwa sababu tu kapita kwenye ukurasa mmoja wa Kiingereza.

Wanaotumia Django, ule mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya Python, uliotoka 2005, wanapewa mpangilio huu tayari: inaangalia kwanza anwani, ikikosa inaangalia kuki, ikikosa inasikiliza kivinjari, ikikosa kabisa inachukua lugha ya msingi ya tovuti. IP haimo. Walifikiri vizuri, na hata kama unajenga kwa kitu kingine ufuate hivyohivyo. Kwenye tovuti zenye akaunti kuna ngazi moja zaidi, lugha inaandikwa kwenye akaunti yako kule kwenye seva, kwa hiyo hata ukibadilisha simu, ukilogini inakufuata. Hii ndo kumbukumbu pekee ambayo haiishi kwenye simu, ila usimlazimishe mtu afungue akaunti ili tu asome kwa Kiswahili, hayo mawili hayahusiani.

Sasa nifike pale hasa nilipokuwa napataka. Kosa baya kuliko yote kwenye habari hii ni kukumbuka kitu ambacho mtu hakuchagua.

Chukua mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Simu yake kanunuliwa na mwanae, iko Kiingereza. Anafungua tovuti ya hali ya hewa ya ziwani kwa sababu mvua ikinyesha dagaa waliopo juani wanaharibika. Tovuti inasikiliza kivinjari, inakisia Kiingereza, sawa, hapo hakuna kosa, imefanya inachoweza. Ila sekunde hiyohiyo inaandika kuki: lugha=en, mwaka mzima. Wiki inayofuata kijana wa duka la simu anamsaidia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu nisaidie hii simu iseme Kiswahili, inanisumbua."

"Ngoja niibadilishe kwenye mipangilio. Haya, jaribu sasa."

Simu yote imekuwa Kiswahili, menyu Kiswahili, tarehe Kiswahili, anafungua ile tovuti ya hali ya hewa, Kiingereza. Kivinjari sasa kinasema sw-TZ kwa sauti ila tovuti haisikilizi, kwa sababu ina kuki na inaamini kuki ni chaguo lake. Yeye hajawahi kuchagua. Tovuti ilikisia, ikaandika ilichokisia, halafu ikakiheshimu kama neno la mwenye simu. Na itaendelea hivyo mwaka mzima, tena zingine kila ukitembelea zinaandika upya, mwaka unaanza kuhesabiwa tena, haifiki mwisho.

Kanuni ni nyepesi: kuki ya lugha iandikwe pale tu mtu alipobonyeza kitufe kwa mkono wake. Kukisia kufanyike upya kila ziara, hakugharimu kitu, ule mstari wa lugha unakuja wenyewe na kila ombi. Ukifanya hivyo kila mabadiliko ya simu yanaonekana papo hapo, na kila kilichoandikwa kwenye kuki kina mtu nyuma yake aliyekitaka. Cha kuvutia ni kwamba wanasheria walifika hapohapo kwa njia yao. Ulaya wana sheria ya 2002 iliyorekebishwa 2009 inayotaka mtu aombwe ruhusa kabla ya kuwekewa kuki, ndo chanzo cha yale madirisha ya kukubali kuki yanayotuziba macho. Mwaka 2012 kamati ya wasimamizi wao wa ulinzi wa data ikaandika kwamba kuki inayotunza kitu kama lugha inaweza kusamehewa ruhusa hiyo, mradi mtumiaji ameiomba mwenyewe, mfano kwa kubonyeza kitufe, na ikiwa itakaa muda mrefu basi kuwe na maelezo mafupi karibu na kitufe hicho. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuki yenye neno "sw" peke yake haimtambulishi mtu, mamilioni wanaweza kuwa nayo ileile. Ibaki hivyo. Usiichomeke na namba ya mtumiaji wala kitu cha kumfuatilia humohumo kisha uiite kuki ya lugha, huko ni kuwadanganya watu. Usishangae pia kwamba ule mstari wa Accept-Language nao unaweza kukuchongea, mtu aliyeweka suk juu halafu sw halafu en anaonekana haraka kwenye umati wenye en-US, na kampuni za matangazo zinajua kuunganisha alama ndogondogo kama hizo.

Simu ni ya mtu mmoja, walau mara nyingi. Kompyuta za steshenari sio. Kipindi cha maombi ya mkopo wa chuo au ajira, mjini pale watu wanapanga foleni kwenye kompyuta ileile, mmoja anaondoka mwingine anakaa, kivinjari hakijui kwamba mtu kabadilika, kuki ya aliyetangulia inamhudumia anayefuata. Hakuna ujanja wa kodi wa kuondoa hilo. Kinachosaidia ni kitufe cha lugha kuwepo kwenye kila ukurasa, juu, kinaonekana bila kushuka chini, na kila lugha iandikwe jina lake lenyewe, Kiswahili kiandikwe Kiswahili. Bendera achana nazo, ukiweka ya Tanzania umemwambia mtu wa Mombasa sio chake. Na mtu akibadilisha lugha akiwa katikati ya fomu, alichojaza kibaki. Kuna fomu moja ukibadilisha lugha inafuta kila kitu na kukurudisha mwanzo, mtu kashalipia dakika za kompyuta.

Kuna matatizo mawili mengine yanayofanana na kusahau, nayapitia haraka. Moja ni seva za katikati zinazotunza nakala ya ukurasa ili usifuatwe mbali kila mara. Kama anwani ni moja kwa lugha zote na hukuwaambia hizo seva, kwa ule mstari wa Vary, kwamba jibu linabadilika kulingana na lugha, zinachukua nakala ya wa kwanza aliyepita na kuwagawia wote, asubuhi kapita wa Kiingereza basi mtaa mzima unasoma Kiingereza. Ukiwa na anwani tofauti kwa kila lugha tatizo hili halikupati. Lingine ni vivinjari vyenyewe kukata muda: Safari tangu 2019 inazipa siku 7 tu kuki zilizoandikwa na JavaScript, yaani programu inayokimbia ndani ya ukurasa kwenye simu yako, na Chrome tangu 2022 haikubali kuki yoyote ipite siku 400 hata uandike miaka kumi. Kwa hiyo ya lugha iandikwe na seva.

Na usichanganye haya yote na kile kidirisha cha Chrome kinachouliza utafsiriwe ukurasa. Hicho ni mashine ya Google inatafsiri ilichokikuta, tovuti haihusiki, na ukikiambia kitafsiri kila mara kinakumbuka chenyewe kwenye kivinjari. Ukiona Kiswahili cha ajabu kwenye tovuti ya serikali au benki, angalia kwanza kama sio hicho kidirisha kimetafsiri ukurasa ambao tayari una Kiswahili chake kizuri, kilichoandikwa na mtu.

Kama unasimamia tovuti yoyote, hata ya shule au ya kanisa, ipime leo. Chukua simu iliyo Kiingereza na ambayo haijawahi kuingia humo, fungua ukurasa wa mbele wa tovuti, usibonyeze kitu, toka. Badilisha simu iwe Kiswahili, na orodha ya kivinjari pia, halafu rudi pale pale. Ikikuletea Kiingereza tena, kuna mahali kodi inaandika kuki bila mtu kuiomba, katafute mstari huo uuondoe. Ikikuletea Kiswahili, bonyeza Kiingereza makusudi, funga kivinjari kabisa, rudi tena, sasa hapo inatakiwa ibaki Kiingereza ingawa simu nzima ni Kiswahili, kwa sababu safari hii umesema mwenyewe.